Kitanzi chenye homoni kama kinga ya dharura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja: ukitaka kitanzi kikuzuie kupata mimba baada ya ngono isiyo na kinga, ni cha shaba au hakuna. Mwaka 2021 utafiti kutoka Utah, Marekani, ulilitikisa jibu hilo. Haukulivunja. Maswali mengi hapa chini yanazunguka tofauti hiyo.

Sina muda wa kusoma yote. Nimefanya ngono bila kinga, nifanye nini?

Hesabu saa kwanza. Zikiwa hazijapita 120, yaani siku tano kamili, bado una njia. Nenda kwenye kituo wanakoweka vitanzi, ukiweza leo hii, useme wazi kwamba umekuja kwa ajili ya kinga ya dharura na kwamba uko tayari kuwekewa kitanzi. Usipopata mtu wa kukuwekea leo, usirudi nyumbani mikono mitupu: chukua kidonge cha dharura sasa na uendelee kutafuta. Ila kabla ya kumeza soma swali la kidonge na kitanzi hapo chini, maana kidonge kimojawapo hakipatani na kitanzi cha homoni.

Kama ulibakwa, usingoje chochote. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Kinga ya mimba itatolewa hapohapo pamoja na huduma nyingine.

Kitanzi ni nini hasa? Na hivi viwili vinatofautiana wapi?

Neno lenyewe halijasaidia. Ukisikia "kitanzi" unawaza kamba shingoni, na nadhani watu kadhaa wamekikimbia kwa sababu ya jina tu. Wengine huita lupu au koili. Ukikiona mkononi ni kidude cha plastiki laini chenye umbo la herufi T, upana na urefu wake kama sentimita tatu, na mkiani kina nyuzi mbili nyembamba. Mikono yake hukunjwa wakati wa kuingizwa na kufunguka ndani ya mfuko wa uzazi.

Cha shaba kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba kwenye kiwiliwili chake. Aina inayojulikana zaidi, T380A, ina shaba pia mikononi. Hiyo 380 ni milimita za mraba za shaba iliyo wazi. Hakina dawa yoyote. Cha homoni hakina shaba. Kiwiliwili chake kimevikwa kifuko cha levonojestreli, homoni ileile iliyomo katika vidonge vingi vya dharura, inayovuja kidogokidogo kwa miaka. Kile kilichofanyiwa utafiti hubeba miligramu 52 na mwanzoni hutoa takriban mikrogramu 20 kwa siku. Kidonge cha dharura hukupa mikrogramu 1,500 kwa mkupuo. Weka tofauti hiyo kichwani, tutaihitaji.

Mbona kitanzi kifanye kazi baada ya tendo? Si maji yameshamwagika?

Bado. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya njia ya uzazi hadi siku tano, zikilisubiri yai. Yai likishatoka huishi kama siku moja tu. Hata likirutubishwa, huchukua siku sita au zaidi kabla ya kujipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Kwa hiyo kati ya tendo na mimba kuna dirisha, na kinga ya dharura hufanya kazi ndani ya dirisha hilo.

Shaba ni sumu kwa mbegu na kwa yai. Huzilemaza mbegu, huzuia urutubishaji, na hubadilisha mazingira ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Jambo hili si geni: taarifa za kwanza za kutumia kitanzi cha shaba baada ya tendo zilitoka mwaka 1976. Mapitio yaliyochapishwa 2012 yalikusanya tafiti 42 za zaidi ya miaka thelathini, wanawake 7,034 kwa jumla, na kukuta chini ya mmoja kati ya elfu walipata mimba. Hicho ndicho kipimo ambacho kitanzi cha homoni kililazimika kusimama mbele yake.

Basi kama shaba inafanya vizuri hivyo, kwa nini mtu ajisumbue na cha homoni?

Kwa sababu kitanzi hakiondoki baada ya dharura kwisha. Unabaki nacho. Cha shaba kina sifa ya kuongeza damu ya hedhi na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Cha homoni hupunguza damu, na wengine hedhi husimama kabisa. Mtu ambaye tayari hutumia pedi kwa wingi, au mwenye upungufu wa damu, hatapenda cha kwanza hata ukimwambia ni bora kiasi gani.

Hilo lilionekana kwa hesabu. Kabla ya jaribio kubwa, kundi lile la Utah likiongozwa na daktari David Turok liliwapa wanawake 188 waliotafuta kinga ya dharura nafasi ya kuchagua: kitanzi cha shaba, au kitanzi cha homoni pamoja na kidonge cha levonojestreli cha kumeza siku hiyohiyo. Waliochagua shaba walikuwa 67. Waliochagua homoni na kidonge walikuwa 121, karibu wawili kwa kila watatu. Katika kundi hilo la pili alipatikana mmoja mwenye mimba, naye alikuwa ameeleza kwamba alishiriki ngono bila kinga mara kadhaa, mojawapo zaidi ya siku tano kabla.

Matokeo hayo, yaliyotoka 2016, yaliacha swali moja mezani: ni kidonge kilichofanya kazi, au kitanzi? Njia ya kujua ilikuwa kuondoa kidonge.

Utafiti wa 2021 ulifanywaje?

Katika kliniki sita za Utah. Wanawake waliofika kutafuta kinga ya dharura, wakiwa wameshiriki ngono bila kinga angalau mara moja ndani ya siku tano zilizopita, na wakiwa tayari kuwekewa kitanzi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Watu 355 walipangiwa cha homoni cha miligramu 52, na 356 wakapangiwa cha shaba. Hawakuambiwa wamepata kipi. Hakuna aliyepewa kidonge juu yake. Kilichopimwa ni kimoja: mwezi mmoja baadaye, nani ana mimba?

Si wote waliobaki hadi mwisho. Wengine kitanzi hakikuwekwa, wengine hawakurudisha taarifa. Waliohesabiwa ni 317 upande wa homoni na 321 upande wa shaba. Upande wa homoni ilipatikana mimba 1, sawa na 0.3%. Upande wa shaba, 0. Waliohitaji kwenda kutibiwa kwa tatizo fulani ndani ya mwezi huo walikuwa 5.2% na 4.9%, yaani hakuna tofauti ya maana. Matokeo yalichapishwa Januari 2021 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Moja dhidi ya sifuri. Si hapo shaba imeshinda?

Hapana. Mimba moja katika watu mia tatu ni kitu ambacho bahati peke yake inaweza kukileta au kukiondoa. Na sifuri hiyo nayo isikudanganye. Ukirusha sarafu mara tano na isitokee mwenge hata mara moja, huwezi kusema sarafu haina mwenge. Kwa watu 321 bila mimba hata moja, kiwango halisi cha shaba kinaweza kuwa popote kuanzia sifuri hadi 1.1%. Cha homoni, popote kati ya 0.01% na 1.7%. Masafa hayo mawili yanaingiliana kwa sehemu kubwa.

Shaba haikushinda katika utafiti huu. Ilicho nacho ni ule mrundo wa wanawake 7,034 nyuma yake. Homoni ina 317.

Watafiti walisema cha homoni "si duni" kuliko cha shaba. Ina maana viko sawa?

Hapa ndipo vichwa vingi vya habari vilipoteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna majaribio ya kutafuta kama dawa mpya ni bora kuliko ya zamani. Hili halikuwa la aina hiyo. Liliuliza: je, kipya ni kibaya kuliko cha zamani kwa kiasi ambacho hatuwezi kukivumilia? Kabla ya kuanza, watafiti waliweka mstari. Walisema tofauti ikiwa chini ya pointi 2.5 za asilimia, tutakubali kwamba kipya si duni. Baada ya hesabu, tofauti ilikuwa 0.3, na hata ukiivuta hadi ukingo wake mbaya kabisa inafika 1.8. Haikugusa mstari. Kwa kanuni waliyojiwekea wenyewe, jibu ni ndiyo, si duni.

Sasa uuangalie mstari wenyewe. Mwanamke akishiriki ngono bila kinga mara moja, siku yoyote tu ya mzunguko bila kuchagua, uwezekano wa kupata mimba ni kama 3%. Utasema ni mdogo, na ni kweli, maana siku za rutuba ni chache. Lakini sasa pointi 2.5 zinaonekana vingine: mstari uliwekwa karibu na hatari yote ya mtu asiyefanya lolote. Kitanzi kingeweza kuwa na udhaifu mkubwa na bado kipite chini ya kamba hiyo.

Kilichoniridhisha mimi si ule mstari, ni hesabu ya mkono. Chukua watu 317, kila mmoja na tendo moja tu katika siku isiyochaguliwa, bila kinga yoyote: ungetarajia mimba tisa au kumi. Ilipatikana moja. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini pengo kati ya tisa na moja si dogo. Kitanzi kile kilifanya kitu.

Udhaifu wake mwingine ni upi?

Hakukuwa na kundi lisilopewa kinga, na lisingeweza kuwepo. Huwezi kumwacha mtu aliyekuja kuomba msaada apate mimba ili upate takwimu. Kwa hiyo tunalinganisha vitanzi viwili, si kitanzi na utupu.

Wengi wa washiriki hawakuwa katika siku za rutuba walipofika, na hao wasingepata mimba hata wangewekewa kijiti cha meno. Hilo hupunguza uwezo wa utafiti kuona tofauti. Na si wote walipimwa mkojo mwishoni: vipimo vya mwezi mmoja vilipatikana kwa 290 upande wa homoni na 300 upande wa shaba, waliobaki wakahesabiwa kwa taarifa nyingine.

Tena ni utafiti mmoja, wa jimbo moja.

Homoni hiyo inazuiaje mimba ndani ya siku chache hizo?

Hapa wataalamu wenyewe wanabishana. Kidonge cha dharura hufanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka, na hufanya hivyo kwa dozi kubwa inayozunguka mwili mzima. Kitanzi hutoa kiasi kidogo mno kinachokaa zaidi mle ndani, na watumiaji wengi wa kitanzi hicho huendelea kupevusha mayai kama kawaida. Kwa hiyo ni vigumu kusema kimeiga kidonge.

Kinachojulikana ni kwamba levonojestreli huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu zisipite. Hilo huzuia mbegu za kesho. Mbegu za juzi zimeshapita. Kinachobaki ni mabadiliko ndani ya mfuko wenyewe: kitu kigeni kuingia humo huamsha mwitikio wa mwili usiozifaa mbegu, na homoni huongeza yake. Ni kwa sababu ya shaka hii kwamba miongozo ya kawaida humtaka mtu anayewekewa kitanzi cha homoni katikati ya mzunguko atumie kondomu siku saba za kwanza. Njia inayohitaji siku saba kuaminika kwa kesho, inaokoaje ya jana? Swali ni halali, na utafiti wa Utah umelijibu kwa matokeo bila kulijibu kwa maelezo.

Kwa hiyo wataalamu wamekubaliana?

La. Planned Parenthood ya Marekani, ambayo kliniki zake za Utah ndizo zilizofanya kazi hii, huwaambia wateja kwamba kitanzi cha homoni cha miligramu 52 ni mojawapo ya njia za dharura. Nchini Uingereza, FSRH, taasisi ya wataalamu wa afya ya uzazi, iliusoma utafiti huohuo na ikabaki na shaba peke yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo katika kinga ya dharura hutaja vidonge na kitanzi cha shaba.

Sioni upande wowote uliokosea kusoma namba. Mmoja anauliza "je, kuna sababu ya kumnyima mtu kitanzi anachokitaka?" Mwingine anauliza "je, tuna ushahidi wa kutosha kumwambia mtu ategemee hiki peke yake?" Maswali tofauti huzaa majibu tofauti.

Je, ni kutoa mimba?

Hapana. Mimba huhesabiwa kuanzia yai lililorutubishwa linapojipandikiza, na kinga hii huwekwa kabla ya hapo. Ndiyo maana kipimo cha mimba hufanywa kwanza, na ndiyo maana kuna ukomo wa siku tano.

Naweza kumeza kidonge na pia kuwekewa kitanzi?

Inategemea kidonge gani, na kosa la hapa ni rahisi kufanyika.

Kama ni levonojestreli ya miligramu 1.5, hakuna ugomvi: ni homoni ileile, na ndivyo walivyofanya wale 121 wa mwanzo. Ukitaka kitanzi cha homoni lakini una wasiwasi na ushahidi wa utafiti mmoja, kuongeza kidonge hiki ni jambo la kuzungumza na mhudumu. Kama ni ulipristali ya miligramu 30, hadithi inageuka. Ulipristali hufanya kazi kwa kuzuia mlango ambao homoni za aina ya levonojestreli hupitia. Ukiweka kitanzi cha homoni mara tu baada yake, kila kimoja kinaweza kudhoofisha kingine. Kwa kawaida mtu huambiwa angoje siku tano kabla ya kuanza njia yoyote yenye homoni. Cha shaba hakina tatizo na kidonge chochote.

Si vidonge vyenyewe vinatosha?

Kwa wengi vinatosha, na vinapatikana kwa urahisi kuliko kitanzi. WHO huweka uwezekano wa kupata mimba baada ya ulipristali kwenye 1.2%, na baada ya levonojestreli kati ya 1.2% na 2.1%. Matatizo ni mawili. Yai likiwa tayari linatoka, kidonge hakina la kuchelewesha. Na kwa wanawake wenye uzito mkubwa, levonojestreli ya kumeza hupungua nguvu. Miongozo ya Uingereza huanza kutahadharisha kuanzia kilo 70. Shaba haijali uzito.

Kitanzi chochote cha homoni kinafaa?

Kilichojaribiwa ni cha miligramu 52 tu. Vipo vidogo vya miligramu 19.5 na 13.5. Usivichukulie kuwa ni hivyohivyo.

Kinawekwaje? Kinauma?

Kwanza mkojo hupimwa. Ukiwa umelala chali, mhudumu hufungua uke kwa kifaa kama mdomo wa bata, husafisha mlango wa kizazi, huushika kwa koleo maalumu ili usisogee, kisha hupima kina cha mfuko wa uzazi kwa kijiti chenye alama. Hapo ndipo wengi hushtuka: msokoto mkali kama wa hedhi, unaodumu sekunde kadhaa. Kitanzi huingia kikiwa ndani ya mrija mwembamba, mrija unarudi nyuma, mikono ya T inafunguka. Mwisho nyuzi hukatwa zikabaki kama sentimita tatu. Sehemu yenyewe huchukua dakika chache.

Anayekwambia hakiumi kabisa hakukutendea haki. Baadhi hawahisi kitu, baadhi hutokwa jasho na kuona kizunguzungu. Uliza dawa ya maumivu kabla, si baada.

Nani hapaswi kuwekewa?

Mwenye mimba tayari. Mwenye maambukizi yanayoendelea kwenye nyonga au usaha kwenye mlango wa kizazi. Anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Mwenye saratani ya matiti, kwa cha homoni. Na yule ambaye umbo la mfuko wake wa uzazi limepindishwa kiasi cha kitanzi kutokaa.

Kutokuzaa si kizuizi. Wala hakiharibu uzazi wa baadaye. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi.

Kinanikinga na magonjwa ya zinaa?

Hata kidogo. Kondomu.

Baada ya kuwekewa, niangalie nini?

Pima mimba wiki tatu au nne baadaye, hata kama umeona damu. Hili ni muhimu zaidi kwa cha homoni, kwa sababu damu yake huwa ya matone yasiyo na mpangilio kwa miezi mitatu hadi sita, na hedhi inaweza kukosekana bila mimba. Ukitumia kalenda kujitambua, utachanganyikiwa.

Kipimo kikionyesha mimba, rudi haraka. Mimba kwa mtu mwenye kitanzi ni nadra, lakini ikitokea ni lazima ithibitishwe haiko nje ya mfuko wa uzazi. Homa, maumivu yanayozidi tumboni, uchafu wenye harufu, au nyuzi zisizoguswa tena: rudi pia. Hatari ya maambukizi huwa juu zaidi katika wiki tatu za mwanzo, kisha hushuka.

Nikifika kituoni nimwambie nini mhudumu?

Mwambie tarehe na saa ya tendo, na kama yalikuwa zaidi ya moja, yote, hata yale ya zaidi ya siku tano zilizopita. Mwambie siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Mwambie jina la kidonge chochote ulichomeza. Ukiweza beba pakiti yenyewe. Kisha mwulize kama ana vitanzi vyote viwili mkononi siku hiyo. Akikuambia cha homoni hakitumiki kwa dharura, hajakudanganya, amefuata mwongozo wake. Unaweza kumwuliza kama atakubali kukiweka pamoja na kidonge cha levonojestreli. Akisema aliye na ujuzi wa kuweka atakuja Jumatatu, rudi kwenye zile saa 120 uhesabu upya kabla hujatoka mlangoni.